Mifuko ya Nyuma Ilipokaribia Kugusana

Mara ya nne Winny alipoipunguza suruali ya kijivu ya mumewe, mifuko ya nyuma ilikaribia kugusana. Aliinyanyua mbele ya dirisha akaitazama, kisha akacheka peke yake mpaka Tom, mtoto wake wa mwaka mmoja aliyekuwa amelala juu ya rundo la vitambaa, akafumbua jicho moja kuona kuna nini. Kati ya mfuko na mfuko palibaki nafasi ya vidole viwili tu. Fundi yeyote wa nguo pale Migosi angekuambia kwamba suruali ikifika hapo imekwisha. Haikatwi tena. Dawa yake ni kushona mpya.

Na kitambaa cha suruali mpya kilikuwapo. Alikuwa amekikunja chini ya cherehani tangu Januari, kizito, cha bluu iliyokolea, kile cha kuvaliwa kanisani na kwenye harusi. Lakini Winny alikuwa amejiwekea nadhiri: hatakitia mkasi mpaka tarehe tisa Aprili. Siku hiyo ndiyo Daktari Nakhungu angempima Dishon damu, kile kipimo kinachosoma sukari ya miezi mitatu nyuma, na wangejua. Ama ugonjwa umetulia kweli, ama mwaka mzima na zaidi wa kujinyima umekuwa kelele za bure.

"Si ushone tu," Dishon alimwambia kila alipokiona kile kitambaa. "Nitavaa hii ya mifuko pacha mpaka lini? Vijana wa Dunga wananiuliza kama nimeinunua ya mtoto."

"Waambie wangoje Aprili."

"Na kama Aprili mambo ni mabaya?"

Winny alikanyaga cherehani kwa nguvu, na cherehani ikamjibia.

Hakuwa amesahau jinsi mambo yalivyoanza. Ilikuwa Novemba ya mwaka juzi. Dishon, fundi wa injini za boti kule ufukweni Dunga, mwanaume wa kilo mia moja na tatu aliyeweza kuinua injini peke yake huku akipiga mluzi, alirudi kutoka kliniki ya mtaani akaketi kitandani bila kuvua kofia. Akavua viatu. Akavua soksi. Akakaa akiitazama miguu yake kama mtu anayewaaga wageni.

"Upi, Winny?"

"Upi nini, Baba Elsie?"

"Watakata upi kwanza?"

Hapo ndipo Winny alipojua kwamba ni sukari. Baba yake Dishon, marehemu mzee Okinyi wa Katito, alianza kwa kukatwa kidole, kidole kikaenda na mguu, mguu ukaenda na mwenzake, na mwisho mzee mwenyewe akaufuata. Dishon alikuwa kidato cha pili wakati huo. Ndiye aliyekuwa akimbeba babake mgongoni kumpeleka msalani.

Basi siku iliyofuata Winny alimfunga Tom tumboni, maana wakati huo alikuwa wa wiki tatu tu, akaenda na mumewe kliniki kusikia kwa masikio yake. Daktari Nakhungu alikuwa mwanamke mdogo wa mwili kutoka Bungoma, mwenye maneno ya haraka kama mtu anayekimbiza mvua.

"Dishon, sikiza. Kipimo chako cha miezi mitatu ni tisa nukta nne, ni juu sana. Lakini tumekukamata mapema na bado una umri mdogo. Kuna watu, sisemi wote, lakini wapo, wakipunguza uzito vizuri, kilo kumi, kilo kumi na tano, yale mafuta yaliyolikalia ini na kongosho yanapungua, na mwili unarudi kazini. Vidonge utaanza leo. Tutavipunguza mimi na wewe tukiwa pamoja, si wewe peke yako huko nyumbani kwa sababu umejisikia mzuri. Na kipimo hicho kikikaa chini ya sita na nusu miezi mitatu bila kidonge hata kimoja, tunasema ugonjwa umetulia."

"Yaani nimepona?"

"Sijasema kupona. Wewe si fundi wa injini? Injini ukiizima, imetoka kwenye boti?"

"Haijatoka. Iko pale pale."

"Ndiyo hivyo. Imezimwa. Ukiivuta kamba, itawaka."

Kwa mara ya kwanza tangu jana yake, Dishon akatabasamu. Lugha ile aliijua.

Haikuwa kazi nyepesi. Mwezi wa kwanza Dishon alinuna kama mtoto aliyeachishwa kunyonya. Soda zake mbili za mchana zilimtoka kwa machozi, na mandazi ya Mama Debra kule ufukweni alikuwa akiyapita kwa kuangalia upande wa ziwa. Winny naye alikosea vikubwa. Alikuwa amesikia sokoni, kwa watu wazima wenye heshima zao, kwamba ugali wa wimbi, yaani ulezi, hauna sukari, ni dawa kabisa ya ugonjwa huo. Akanunua unga wa wimbi debe zima. Akampikia mumewe asubuhi uji wa wimbi, mchana ugali wa wimbi, jioni ugali wa wimbi, sahani imepanda juu kama kichuguu, akimwambia, kula, hii ni dawa. Kipimo cha kidole kikawa kinapanda tu. Alipomweleza Daktari Nakhungu, daktari alishika kichwa.

"Wimbi ni nafaka, dada yangu! Ni nzuri kuliko unga mweupe, sawa. Lakini tumboni inageuka sukari ile ile. Ngumi moja ya ugali. Ngumi yake, si ya Goliathi. Sahani ijae mboga kwanza."

Tangu siku hiyo mambo yakabadilika. Mnavu na mrenda vikajaa sahani, dagaa wa omena na samaki wa kuchemsha vikafuata, ugali ukakaa pembeni kama mgeni asiyejua kama amealikwa. Dishon akanunua baiskeli iliyotumika, akawa anaendesha kutoka Migosi mpaka Dunga na kurudi, mwanzoni akishuka kila kilima kidogo kuhema, baadaye akiwapigia kengele vijana wa bodaboda waliokwama kwenye foleni. Suruali ikapunguzwa. Ikapunguzwa tena. Januari mizani ikasema themanini na tano, na tarehe tisa ya mwezi huo daktari akamwambia kidonge cha mwisho kikae kwenye chupa yake. Miezi mitatu ikaanza kuhesabiwa.

Ilikuwa imebaki kama wiki nne tarehe tisa Aprili ifike, simu ikalia. Ni Mama Rosa, mama mzazi wa Dishon, kutoka Katito.

"Mvua imenyesha siku nne," alisema bila salamu. "Mimi nimeshapanda. Mnangoja nini huko Kisumu, mwaliko?"

Hapo hapakuwa na mjadala. Katika boma lile mama hupanda kwanza, akifuatwa na mwana wa kwanza na mkewe, na baada ya hao ndipo wadogo wanashika jembe. Dishon ndiye wa kwanza. Griffins, mdogo wake, asingeweza kutia punje hata moja ardhini kabla ya kaka yake, hata mvua imnyeshee mpaka masikioni. Kwa hiyo wakafunga mizigo. Winny akaweka kwenye mkoba kile kimashine cha kupimia sukari na kichupa cha vijiti vyake.

Mama Rosa alikuwa amesimama langoni mwa boma, mkono kiunoni. Aliwabusu watoto. Akamtazama mwanawe kutoka juu mpaka chini, akamzunguka, akafika nyuma. Akaiona ile mifuko.

"Yesu wangu."

"Mama, habari ya hapa?" alisema Dishon.

"Nyamaza kwanza." Akamgeukia Winny, ambaye tangu aolewe alimwita kwa jina la kwao. "Nyar Bondo. Binti wa Bondo. Mimi nilikupa mwanaume. Umeniletea hanga ya kutundikia shati."

Griffins aliangua kicheko kule jikoni. Winny akamrekebisha Tom mgongoni.

"Mama, ni ile sukari. Daktari alisema apunguze uzito..."

"Daktari ana mama? Mama yake anamtazama akikauka hivi? Mzee Obonyo hapo jirani ameniuliza jana, Rosa, kijana wako anaumwa nini, nimepita Dunga nimemwona, amekwisha. Unajua watu wakisema mtu amekwisha wanamaanisha nini? Nimemjibu nini mimi? Nimesema mke wake anashona sana, hana muda wa kupika."

Neno hilo lilimuuma Winny. Angeweza kusema mengi. Lakini langoni mwa mama mkwe, na mtoto mgongoni, mtu hujibu kwa kuinamisha kichwa. Dishon alifungua mdomo kumtetea, mama akamkata.

"Siku tatu," Mama Rosa alisema, akiinua vidole vitatu. "Siku tatu mkiwa hapa, chakula ni changu. Nami si mjinga, sukari naijua, imenizikia mume. Chai yake haitatiwa hata chembe. Ugali ni wa wimbi. Tuone kama hatarudi na mashavu."

Winny alihisi moyo ukimshuka mpaka kwenye ndala. Alijua neno la kusema. Lakini mkaza mwana haingii jikoni kwa mama mkwe akaanza kumpangia chungu chake. Akamtazama Dishon. Dishon akatazama chini.

Asubuhi wakapanda. Dishon alipiga mashimo, Winny akafuata na mbegu, Elsie, binti yao wa miaka sita, akafukia kwa mguu huku akiimba. Mstari baada ya mstari, udongo umelowa vizuri, mweusi, unang'ang'ania vidole. Ilikuwa raha. Winny karibu asahau. Halafu mchana ukafika na meza ikaandaliwa, na katikati ya meza pakaja ugali wa wimbi, mkubwa, mwororo, unafuka moshi, umepigwa ukang'aa. Mzee Obonyo alikuwa amealikwa, kusudi ashuhudie.

Dishon alimega kidogo. Akala mboga. Akamega tena kidogo.

"Anaonja?" Mzee Obonyo aliuliza. "Bwana, huyu anaonja au anakula?"

"Nyar Bondo, mwongezee," akasema Mama Rosa.

Winny akaongeza kipande kidogo.

"Ongeza, nimesema. Unaogopa nini? Hii haina sukari."

Nani angekataa? Mwana wa kwanza, katika siku ya kupanda kwake, kwenye meza ya mama yake, mbele ya jirani? Dishon alikula. Alikula mchana, akala jioni, akanywa uji wa wimbi asubuhi, mabakuli mawili, na kesho yake hivyo hivyo. Mama Rosa alikuwa akimtazama akitafuna kwa furaha ya mtu anayemwagia maji mche uliokauka. Hapakuwa na chuki yoyote pale, na hilo ndilo lililomtesa Winny zaidi.

Siku ya tatu, saa nane mchana, Dishon alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha jikoni, kope nzito, anapiga miayo. Alikuwa ameomba maji mara nne. Winny aliijua ile kiu. Hakuweza tena. Akachukua mkoba, akachuchumaa mbele yake, akashika kidole chake, akatoboa. Mama Rosa alikuwa mlangoni akichambua maharage kwenye ungo.

Kimashine kikahesabu. Kumi na mbili nukta nane.

"Nyumbani huwa tano," Winny alisema polepole. "Baada ya kula, saba."

Dishon alikunja suruali kidogo, akaanza kuitazama miguu yake. Vile vile. Kama ile Novemba. Winny alipoona hivyo, kitu ndani yake kilikatika, na adabu yote ya ukwe ikakatika nacho.

"Mama, ni wimbi."

"Wimbi haina sukari! Hicho kidude chako kinadanganya."

"Wimbi ni nafaka, Mama. Haitiwi sukari, lakini ikifika tumboni inageuka sukari, sawa tu na mahindi. Kidogo si mbaya. Ule mlima ndio mbaya."

"Nani kakwambia? Umesomea wapi?"

"Nilifanya mimi mwenyewe!" Sauti ilimpanda Winny, na machozi yakaifuata. "Mwezi wa kwanza nilimpikia wimbi asubuhi, mchana, jioni. Debe zima, Mama! Nilidhani nampa dawa. Nilikuwa namwambia, kula, hii ni dawa. Mpaka daktari aliponikataza. Mimi pia sikujua."

Ungo ulitulia mkononi mwa Mama Rosa. Aliangalia maharage. Mkono wake ukachagua moja, ukalishika, haukulitupa wala kulirudisha.

"Baba yao nilimpa wimbi miaka sita," alisema.

Akausogeza ungo mapajani.

"Walinifundisha sokoni hapo Katito. Wakasema, Rosa, acha unga mweupe, mpe wimbi, utamwokoa. Nilikuwa naisaga mwenyewe kwa jiwe. Walipomkata kidole nikamwongezea. Walipomkata mguu nikamwongezea. Okinyi akaniambia, mama, nimeshiba, nami nikamwambia, kula, hii haina sukari." Aliinua macho, na Winny aliona jinsi yalivyozeeka kwa dakika moja. "Kumbe nilikuwa namfanya nini, nyar Bondo?"

Winny aliondoka pale alipokuwa amechuchumaa, akaenda akapiga magoti kando ya ungo. Hakuwa amewahi kumshika mama mkwe wake mkono ila kwa salamu. Aliushika sasa, na lile harage ndani yake.

"Ulikuwa unampenda, Mama. Ulimpa ulichoambiwa ni kizuri. Hakuna aliyekwambia vingine, hata hospitali labda hawakukueleza. Na ugonjwa wake ulikuwa umeshaenda mbali. Mimi nimeambiwa mapema, basi. Hiyo tu ndiyo tofauti yetu."

Kuku alikuja akadona harage lililoanguka, akaenda zake. Kisha Mama Rosa akaweka ungo chini, akasimama, na sauti yake ikarudi ile ya langoni.

"Dishon!"

"Mama."

"Unakaa hapo unaangalia vidole kama mtu anayechagua viazi. Inuka. Lile shamba la kando ya mto bado halijatifuliwa. Jembe liko nyuma ya mlango." Akamgeukia Winny. "Kulima kunashusha au hakushushi?"

"Kunashusha, Mama! Daktari alisema hata kutembea baada ya kula kunashusha."

"Basi twende tuone. Beba hicho kidude."

Walikwenda wote, boma zima, kama watu wanaokwenda kutazama mpira. Dishon alilima saa nzima na zaidi, jasho likimtiririka, shati limelowa, Griffins akilima ubavuni mwake na kumchokoza, "Kaka, hanga inalima jamani!" Mama Rosa alisimama kwenye ukingo wa shamba akimsimamia mwanawe kama mwalimu wa gwaride. Kisha akapiga makofi.

"Toboa!"

Winny akatoboa. Wote wakainama, vichwa vikagongana.

"Nane nukta moja!" Elsie alisoma kwa sauti, maana namba alikuwa ameshaanza kuzijua shuleni.

"Ilikuwa kumi na mbili," Mama Rosa alisema. "Si ilikuwa kumi na mbili? Jembe limefanya hivi? Jembe tu?" Akacheka, mkono mdomoni, kicheko cha msichana. "Lima tena! Toboa tena!"

"Mama, kidole cha mtu kitaisha," Griffins alisema.

"Basi lete chako."

Siku hiyo vijiti viliisha kwenye kichupa. Mama Rosa alijitoboa mwenyewe, akapata sita nukta tatu, akatembea shambani akitangaza kwamba mtu anayelima hasumbuliwi. Jioni alipika mwenyewe, na hakumruhusu mtu kusogea. Sahani ya Dishon ilikuja na mnavu umerundikwa, samaki mzima wa mchuzi, na ugali mdogo uliofinyangwa kwa kiganja, kwa kipimo alichoelezwa na Winny. Mzee Obonyo, aliyekuwa amezoea sasa, alikuja kwa wakati wake wa kawaida akaitazama ile sahani.

"Rosa, mwanaume atalala na hicho?"

"Hiyo ni ngumi yake," Mama Rosa alisema. "Wewe nionyeshe ngumi yako nikupimie."

Hata hivyo, Winny alirudi Migosi na hofu moyoni. Alimpigia daktari simu kabla hata hajafungua mizigo. Siku tatu za mlima, je, zimebomoa miezi mitatu? Daktari Nakhungu alimwambia siku tatu ni siku tatu, warudi kwenye mstari, waje tarehe yao. Ni rahisi kusema. Kila asubuhi kwa wiki tatu Winny alitoboa kile kidole akiwa amebana pumzi. Tano nukta nane. Tano nukta tano. Siku moja sita nukta nne, na siku hiyo alishona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja. Kitambaa cha bluu kilibaki kimekunjwa. Alikuwa akikipapasa kwa kidole cha mguu wakati wa kushona, kuhakikisha kipo.

Tarehe tisa Aprili, saa moja asubuhi, mlango uligongwa. Mama Rosa, na kitambaa cha kanisani kichwani, na mzigo wa mrenda na mnavu uliofungwa kwa jani la mgomba.

"Nimekuja kuona kidude kikubwa cha huyo daktari," alisema. "Kile kidogo nimeshakijua."

Kliniki ilikuwa imejaa. Walikaa kwenye benchi, Dishon katikati, mkewe huku na mama yake huku, Tom akipita kwenye mapaja yote matatu. Dishon aliitwa, akatolewa tone la damu, likawekwa kwenye mashine iliyokuwa mezani, na wakaambiwa wangoje dakika tano. Daktari Nakhungu aliwaacha waingie wote, ingawa chumba kilikuwa kama kabati.

Dakika tano! Winny hakuwahi kujua kwamba dakika tano zina urefu ule. Mama Rosa alikuwa akisali kwa Kijaluo, midomo ikienda kasi. Dishon aliinamisha kichwa, akaanza tena kutazama viatu vyake, na Winny akamkanyaga kidogo ili aache.

Mashine ikalia.

Daktari aliisoma. Akasoma tena. Kisha akaigeuza ili waione wenyewe.

Sita nukta mbili.

"Ni nzuri au ni mbaya?" Mama Rosa aliuliza. "Mbona hamsemi? Nyar Bondo, ni nzuri au ni mbaya?"

Daktari Nakhungu ndiye aliyejibu, na hata maneno yake ya haraka yalipunguza mwendo.

"Ni chini ya sita na nusu, Mama. Miezi mitatu bila kidonge hata kimoja. Dishon, ugonjwa wako umetulia."

Vigelegele alivyopiga Mama Rosa vilitoka nje ya chumba, vikapita kwenye foleni, na mwanamke mmoja huko benchini, asiyejua hata kuna nini, akavipokea kwa vyake. Mwingine akafuata. Tom akaanza kulia kwa mshtuko, kisha akaona wote wanacheka, akacheka. Dishon alikuwa amesimama, mikono ikining'inia, kama mtu aliyeambiwa aweke chini mzigo na mwili bado haujaamini.

"Injini imezimwa," alisema.

"Imezimwa," daktari alikubali. "Lakini iko kwenye boti. Usiniletee hadithi kwamba umeshapona. Utarudi Julai tupime, na baada ya hapo tutaendelea kupima. Macho tutaangalia, miguu tutaangalia. Ikitokea imewaka tena, si aibu, unakuja tunaanza upya. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, daktari."

"Mimi ndiye nitakayemleta," Mama Rosa alisema.

Waliporudi nyumbani Winny hakuvua hata kiatu. Alikivuta kile kitambaa kutoka chini ya cherehani, akakikung'uta kikajaa chumba chote kwa rangi yake. Alimsimamisha mumewe katikati ya sakafu. Tepu ilikuwa shingoni mwa Winny kama kawaida; Mama Rosa alikamata ncha moja, akaibana kwenye kiuno cha mwanawe, na Winny akaizungusha.

"Thelathini na nne," Winny alisoma. Zamani alikuwa akimshonea ya inchi arobaini na mbili.

"Simama wima, wewe," Mama Rosa alimwambia Dishon. "Usivute tumbo."

"Sivuti, Mama. Ndilo lilivyo."

Winny alichora kwa chaki, akashika mkasi, kisha akasita. Kila fundi huacha kitambaa cha ziada nyuma kwenye mshono wa kiuno, ili mwenye suruali akinenepa ifumuliwe na kupanuliwa. Kwa suruali za Dishon alikuwa akiacha inchi mbili, siku zote.

"Mama," alisema, "niache nyuma kiasi gani cha kupanulia?"

Mama Rosa aliutazama ule mstari wa chaki. Akamtazama mwanawe, miguu yake miwili imesimama imara juu ya sakafu, vidole vikicheza ndani ya soksi. Akatoa chaki mkononi mwa mkaza mwana wake, akapiga mstari mpya, ndani kabisa, karibu na mshono.

"Usiache kitu," alisema. "Na leo usimwongezee."

Winny akakata.